Baskerville, Garamond, Times au Georgia: fonti ipi kwa kijitabu kinachochapwa Mwanza?

Anza na mashine, fonti ifuate. Kitabu cha nyimbo kitakachotolewa kwenye riso (mashine ya kudurufu) ya shule kule Igoma, riwaya inayokwenda kwenye ofseti (mashine kubwa ya kiwanda cha uchapaji), na PDF itakayosomwa kwenye simu ndani ya kivuko cha kwenda Nansio ni kazi tatu tofauti, na fonti inayopendeza kwenye moja inaweza kuharibika kabisa kwenye nyingine. Wateja wengi hufika steshenari wakiwa wameshapenda fonti waliyoiona kwenye kioo cha kompyuta. Kioo hakichapi. Ulizia kwanza nakala ya mwisho, ile itakayoshikwa na msomaji: inatoka kwenye mashine gani, na juu ya karatasi gani?

Fonti zinazolinganishwa hapa ni nne, zote za serifu, yaani zenye vile vijiguu na vikofia vidogo kwenye ncha za herufi. Kama hujawahi kuona faida ya serifu, andika Ilemela kwa Arial: herufi mbili za mwanzo zinageuka vijiti viwili vinavyofanana, na asiyeijua wilaya hiyo hajui aanze kutamka nini. Kwa fonti yoyote kati ya hizi nne, I ina kofia na viatu, l ina kibendera chake, na jina linasomeka.

Baskerville: nzuri, na inadeka

John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, alifundisha mwandiko kabla ya kutajirika kwa biashara ya vyombo vilivyopakwa vanishi. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, kilitoka 1757. Ule mkono wa mwalimu wa mwandiko umebaki ndani ya herufi: mstari mnene ni mnene kweli, mwembamba ni mwembamba kweli, serifu zimechongoka, matumbo ya o, b na d ni mapana na yamesimama wima. Alijua kwamba herufi za aina hiyo hazitapendeza kwenye karatasi mbovu. Akachanganya wino wake mwenyewe, akatafuta karatasi isiyo na alama za mistari ya waya, na kurasa zilizokwisha kuchapwa akazikandamiza kwa shaba ya moto ili zilainike. Kwa hiyo madeko ya fonti hii alizaliwa nayo. Anayeichapa juu ya karatasi ya gazeti iliyofyonza unyevu wa ziwa anaidai kazi ambayo hata mwenyewe hakuwahi kuidai.

Kuitambua si kazi. Angalia g ndogo: tumbo lake la chini halijafungwa, limeachwa wazi upande wa kushoto. W haina kikofia katikati. J inashuka chini ya mstari, Q ina mkia mrefu uliopinda, na mkono wa chini wa E umezidi ule wa juu. Kwa Kiswahili, chenye w karibu kila mstari, ile w safi isiyo na pembe katikati ndiyo inayoupa ukurasa wa Baskerville utulivu wake.

Tatizo linaanzia kwenye jina, maana jina hilo limebebwa na fonti zaidi ya moja.

Ya kwanza ni Baskerville Old Face, inayokuja na Microsoft Office, na ndiyo utakayoikuta kwenye kompyuta nyingi za steshenari. Hiyo haikuchongwa na Baskerville mwenyewe. Inatokana na herufi za kiwanda cha Fry cha karne ya 18 kilichomfuata. Ina sura moja tu: hakuna nzito (bold), hakuna mlazo (italic). Ukibonyeza B, Word inazinenepesha herufi zilezile kwa nguvu. Ukibonyeza I, inazisukuma ziegemee. Namna ya kugundua ni kutazama a. Mlazo halisi wa Baskerville una a isiyo na paa, kama ile ya kuandika kwa mkono. Kama a imelala lakini bado ina paa lake, hiyo ni bandia, na kwenye karatasi itaonekana kama nguo iliyokaushwa na upepo ikakunjamana upande. Herufi zake ndogo pia ni fupi na nyuzi zake, yaani ile mistari myembamba ya herufi, ni nyembamba mno. Itumie kwa jina la bwana na bibi harusi, saizi 24 kwenda juu. Usiipangie kitabu.

Ya pili ni Baskerville inayokuja na kompyuta za Mac. Hiyo imekamilika, ina mlazo wa kweli na uzito zaidi ya mmoja, na inafaa kitabu. Ubaya wake ni kwamba steshenari ya Windows haina, ukiibeba kwenye faili la Word itapotea njiani.

Ya tatu, na ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi, ni Libre Baskerville ya Pablo Impallari. Ni ya bure, leseni yake inaruhusu hata kuchapa vitabu vya kuuza, na ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya kusomwa kwenye intaneti. Kwa sababu hiyo herufi ndogo zimerefushwa, matumbo yamepanuliwa, na nyuzi nyembamba zimeongezwa unene. Wapenda mambo ya kale hulalamika kwamba imenenepa. Kwetu, unene huohuo ndio unaoiokoa kwenye mashine ya fotokopi. Matoleo yake ya mwanzo yana sura tatu tu, yaani kawaida, mlazo na nzito, kwa hiyo usipange vichwa vya habari vinavyodai nzito na mlazo kwa pamoja kabla ya kuhakikisha toleo lako linayo.

Kosa la kawaida kwa Libre Baskerville ni kuiandika saizi 11 au 12 kwa mazoea ya Times. Ni fonti pana. Kwa saizi ileile, kijitabu kinavimba karibu robo nzima, na kijitabu cha A5 kinachobanwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, kwa kuwa karatasi moja ya A4 inatoa kurasa nne. Kurasa 48 ni karatasi 12, zinakunjika vizuri. Ukifika 60 ni karatasi 15 za gramu 80, mgongo unaanza kubinuka na kurasa za katikati zinachungulia nje hadi zikatwe. Shusha saizi hadi 9.5. Utaogopa ukiona namba, lakini tazama karatasi.

Saizi zinazolingana kwa macho

Namba ya saizi haisemi herufi ni kubwa kiasi gani. Inapima kile kisanduku herufi inamokaa, na kila fonti inakijaza itakavyo. Macho yanachopima ni kimo cha herufi ndogo kama a, n na u. Jedwali hili linakaribia kuzilinganisha kwa kimo hicho, kwa kitabu cha A5 chenye safu moja:

| Fonti | Saizi | Nafasi ya mstari | Inapokaa vizuri |
|---|---|---|---|
| Times New Roman | 11 | 13.5 | mitihani, safu mbili, kazi za chuo |
| EB Garamond | 12 | 14.5 | riwaya, ushairi, sala |
| Libre Baskerville | 9.5 | 14.5 | historia, kumbukumbu, ripoti nzuri |
| Georgia | 10 | 14 | PDF ya simu, fotokopi |

Nafasi ya mstari iweke kwa pointi kamili, kwa kuchagua Exactly kwenye dirisha la Paragraph. Ukiacha Single, kila fonti inajipangia yake, na ulinganisho wako unakuwa si wa haki.

Times: haipendezi, haikuangushi

Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London chini ya usimamizi wa Stanley Morison, na ikaanza kutumika Oktoba 1932. Gazeti lina safu nyembamba, kwa hiyo herufi zimebanwa kwa upana na kurefushwa kwa kimo. Ndiyo maana inabeba maneno mengi kwa nafasi ndogo. Ndiyo maana pia inachosha kwenye mstari mrefu: A5 yenye pambizo za kawaida inapata herufi zipatazo 70 kwa mstari mmoja wa Times 11, na jicho likirudi kushoto linapotea njia. Ipe safu mbili, kama kitabu cha nyimbo au ratiba ya semina, utaona ilivyo nyumbani.

Mitihani ya shule inayotolewa kwenye riso ni Times, usibishane. Vivyo hivyo tasnifu, maana miongozo mingi ya vyuo huitaja kwa jina na saizi 12. Kwa mwaliko wa harusi, hapana. Kila barua ya ofisini aliyowahi kuipokea mgeni wako iliandikwa kwa hiyo.

Garamond: ya kusoma muda mrefu

Claude Garamond alikuwa mchonga herufi wa Paris, akafariki 1561. Herufi zake zinafuata kalamu iliyoinamishwa. Tofauti ya unene na wembamba ni ya upole, vichwa vya b, d na k ni virefu, jicho la e ni dogo. Ile Garamond ya Office, hata hivyo, inatokana na herufi za Jean Jannon, Mfaransa aliyekuja miongo mingi baadaye. Mchanganyo huo wa majina ulifichuliwa na Beatrice Warde mwaka 1926. Hiyo ya Office ni nyepesi, na kwenye printa ya tona iliyojazwa upya inatoka kijivu. EB Garamond, ya bure, imekolea zaidi na ina alama nyingi juu ya irabu, jambo linalowahusu wanaochapa Kisukuma na kuhitaji kutofautisha irabu zake saba.

Wapo wanaosema Garamond inaokoa wino. Inaokoa kwa sababu ni ndogo. Ikuze hadi kimo chake kilingane na cha Times, na akiba yote hiyo inayeyuka.

Adui wake ni karatasi ya gazeti. Wino unasambaa, lile jicho dogo la e linajaa, na neno kama "peleleze" linageuka mfululizo wa vitone vyeusi. Kwenye karatasi ya gramu 80 iliyo laini, kwa riwaya ya kurasa 120, tungeichagua kabla ya Baskerville. Baskerville inajionyesha kidogo kila ukurasa. Garamond inakaa pembeni ikamwacha msimulizi aseme.

Georgia: ya simu

Matthew Carter aliitengeneza kwa ajili ya Microsoft, ikatoka 1996, wakati vioo vya kompyuta vilikuwa na nukta chache na kila herufi ilibidi ipiganie nafasi. Ni pana, nene, imara. Kwa fotokopi ya fotokopi haina mpinzani kati ya hizi nne.

Ila chunga tarakimu zake. 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari. 6 na 8 zinapanda. 0, 1 na 2 ni fupi kama herufi ndogo. Ndani ya aya inapendeza. Kwenye bango lenye namba ya simu ya kutumia michango, ile 0 ya mwanzo inafanana na o, na orodha ya bei za sato na sangara inaonekana kama imeandikwa ndani ya mtumbwi unaoyumba. Tarakimu za namna hiyo ziandike kwa Times.

Kwa PDF ya simu, usitume A4. Ukurasa wa sentimita 21 ukibanwa kwenye kioo cha sentimita 7, saizi 12 inabaki 4. Weka ukurasa wa sentimita 9 kwa 16, pambizo milimita 6, Georgia 12, maandishi yaanzie kushoto bila kunyooshwa kulia. Hapo msomaji hahitaji kukuza kwa vidole.

Caslon nayo huulizwa. Ni ya Uingereza, ya kizazi kabla ya Baskerville, ina joto zaidi na haichagui karatasi. Kama Libre Caslon Text unayo, ichukulie kama ndugu mnene wa Garamond. Mwaka 1760 Benjamin Franklin alimwandikia Baskerville barua akimweleza alivyomwonyesha bwana mmoja, aliyelalamika kwamba herufi za Baskerville zinaumiza macho, karatasi ya herufi za Caslon iliyochanwa jina, akamwambia ni za Baskerville. Yule bwana akaanza kuonyesha hizo kasoro zinazoumiza macho. Bodoni, fonti nyingine yenye nyuzi nyembamba sana, iache kwenye mabango. Ikiwa saizi ya kitabu, nyuzi zake hazivuki fotokopi hata moja.

Kwa nini nyuzi zinakatika

Mashine ya 300 dpi (nukta 300 kwa inchi) inachora kwa nukta zenye upana wa pointi 0.24, ya 600 dpi, pointi 0.12. Uzi wa herufi ukiwa mwembamba kuliko nukta, mashine ina njia mbili tu: kuunenepesha ufikie nukta nzima, au kuuacha. Fotokopi huuacha, na kila nakala ya nakala inakata zaidi. Kijiti cha katikati cha e ndicho cha kwanza kuondoka: "hewa" inakuwa "hcwa".

Kiswahili kina mtihani wake wa ziada. Lugha yetu imejaa m, n, u na i zinazofuatana, herufi ambazo ni nguzo zilizounganishwa kwa nyuzi nyembamba. Andika "umuhimu wa muumini mnunuzi". Nyuzi zikikatika, kinachobaki ni uzio wa miti, na msomaji anahesabu nguzo badala ya kusoma. Old Face inaanguka hapa saa ileile. Libre Baskerville inavuka fotokopi moja, ya pili inayumba. Georgia na Times zinavuka zote mbili.

Basi fanya hivi kabla ya kuamua. Weka aya ileile kwa fonti nne kwenye ukurasa mmoja, kwa saizi za jedwali, yenye maneno hayo, "ng'ombe", "Ilemela" na namba moja ya simu. Iprinti, ukihakikisha EconoMode ya printa imezimwa, maana hiyo hupunguza tona. Ipeleke kwenye mashine itakayotoa kazi yenyewe, toa kopi, kisha kopi ya kopi, na uisome ukiwa umenyoosha mkono. Karatasi itoke kwenye rimu mpya. Rimu iliyoachwa wazi msimu wa mvua hunyonya unyevu, tona haishiki vizuri, na utailaumu fonti bure.

Ofseti ina mambo yake. Mwambie fundi maandishi yawe nyeusi ya wino mmoja, K 100, yaani wino mweusi peke yake kwa asilimia 100. PDF iliyotoka Word ikigeuzwa vibaya, weusi unachanganywa kwa rangi nne, na pleti (vibao vya kuchapia, kimoja kwa kila rangi) zikipishana hata kidogo tu, serifu za Baskerville zinapata kivuli cha waridi. Kwa kadi za harusi, maandishi meupe juu ya zambarau iliyokolea yasishuke chini ya saizi 12, kwa sababu wino wa pembeni unaingia ndani ya nyuzi na kuzifunga.

Mambo madogo ya ukurasa wa Kiswahili

Wa, Ya na Ta, zikiwa na herufi kubwa mwanzoni, zinaacha pengo: "W akati", "T anzania". Mara nyingi Word haizisogezi hadi uiamuru. Fungua dirisha la Font, kichupo cha Advanced, weka tiki kwenye Kerning for fonts, uandike 8. Tofauti inaonekana zaidi kwenye Baskerville kwa sababu W yake ni pana.

Alama ya ng' ikitoka kwenye simu huja imesimama kama msumari, au imegeuzwa kama kibano. Tafuta ' na ubadilishe kwa ' hiyohiyo huku nukuu za kujipinda zikiwa zimewashwa. Word inaziweka zote sawa kwa mkupuo.

Maneno marefu nayo, kama "wanaozishughulikia", kwenye mstari ulionyooshwa kingo zote mbili, yanafungua mito myeupe katikati ya ukurasa. Libre Baskerville, kwa upana wake, inaumia kuliko zote. Acha ukingo wa kulia bila kunyooshwa, au kata neno mwenyewe kwa Ctrl na kistari, baada ya irabu: wanaozi-shughulikia. Usitenganishe sh, ny, ng', mb wala nd.

Mwisho, faili. Ukibeba docx kwenye flashi kwenda Mtaa wa Rwagasore na kompyuta ya pale haina Libre Baskerville, Word inaweka fonti nyingine kimyakimya, kurasa 48 zinageuka 44, na yaliyomo hayalingani tena na namba za kurasa. Hifadhi kama PDF, uifungue kwa Acrobat Reader, uende File, Properties, kichupo cha Fonts. Kila jina lililoko pale liwe na maneno Embedded Subset mbele yake. Ukikuta jina usilolitarajia, mara nyingi Calibri iliyojificha kwenye namba za kurasa, rudi ukalirekebishe kabla ya kulipia pleti.